Chaguo la Jaha

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la Kifaransa, jekundu kabla ya moto, na Jumapili ile lilikuwa nyuma ya kituo cha polisi cha Malindi, jeusi kama sufuria ya msibani. Inspekta Mbaruk alikuwa akilizunguka tangu asubuhi. Boneti ilikuwa imeng'olewa, na Fumo alikuwa ameinama juu ya injini, mikono ya kanzu ameikunja hadi viwikoni, akifungua nati moja baada ya nyingine polepole.

Ungemwona Fumo siku ile ungemwonea huruma. Macho mekundu, ndevu hazijachanwa. Jaha, aliyeungua ndani ya gari lile siku ya Alhamisi, alikuwa rafiki yake wa chanda na pete. Miaka mingi walikwenda pamoja kwenye mbio za magari, Jaha kwenye usukani, Fumo kando yake akimsomea njia. Na kwa Mbaruk, Fumo alikuwa zaidi ya rafiki. Mama yake Mbaruk alifariki akimzaa, na Bi Hindu, mamake Fumo, akawanyonyesha wote wawili, huyu ziwa hili na huyu ziwa lile. Kwa sheria na kwa mapenzi walikuwa ndugu. Ndiyo maana Mbaruk, ambaye habari ya magari aliijua kwa kuwasha na kuzima tu, alipopewa kesi hii hakutafuta mtaalamu. Amtafute wa nini, na nduguye ana duka la spea pale mtaani Shela?

"Njoo utie kidole hapa," Fumo alisema.

Mbaruk akatia. Kilikuwa kidude cha chuma chenye umbo la konokono, kinaitwa tabo. Kazi yake alikwisha kuelezwa. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha feni ndogo, feni hiyo huzungusha ya pili, na hiyo ya pili husukuma hewa ndani ya injini, ndipo kigari kidogo kinapopata nguvu za kuyaacha magari makubwa nyuma. Kati ya feni hizo kuna shafti inayozunguka ndani ya oili. Shafti ya tabo hii ilicheza ovyo chini ya kidole cha Mbaruk, kama jino linalotaka kung'oka.

Hii si mpya, Fumo akasema, hii ni ya kutupwa. Shafti imelegea, sili za kuzuia oili zimekufa, oili imevujia kwenye ekzosi yenye moto, basi. Jaha alinunua tabo mpya, mji mzima unajua. Fundi wake Kalama akaiuza pembeni, akamfungia uchafu huu. Aliyasema hayo kwa sauti ya chini, kisha akafuta jicho kwa mgongo wa mkono.

Maneno hayo yalinyooka, na wakubwa wa Mbaruk waliyapenda. Kalama, fundi wa Kisumu Ndogo, alikuwa seli tangu Alhamisi jioni. Kesho Jumatatu angesimamishwa mbele ya hakimu kwa kosa la kuua bila kukusudia, na mkuu wa kituo alikwisha sema kwamba akishasomewa mashtaka faili lifungwe, watu wana kazi nyingine za kufanya. Fundi asiye na wakili, kwa kosa kama lile, harudi nyumbani upesi, na watoto wake wangekua bila yeye.

Swali la nani angetaka Jaha afe lilikuwa limeulizwa Ijumaa, likaachwa. Jaha alikuwa akienda Mombasa kutoa ushahidi mbele ya Kadhi katika kesi ya nyumba ya mtaa wa Barani, kati ya Fumo na dadake Kuluthumu. Kesi ilihamishiwa huko kwa kuwa Kadhi wa Malindi ni jamaa yao. Lakini Fumo mwenyewe alimwambia Mbaruk kwamba mambo hayo yamekwisha, wamesuluhiana mbele ya mama, na Jaha alikuwa akienda tu kusema yamekwisha. Nani atilie shaka neno la ndugu yake?

Ila Mbaruk alikuwa na ugonjwa mmoja, ule uliomchelewesha cheo: hakuweza kufunga faili lenye tundu. Kama Kalama aliiuza tabo mpya, iko wapi? Gereji yake ilipekuliwa, nyumba yake ikapekuliwa, hata kuku walitolewa bandani. Na ni nani angeinunua? Gari la aina ile lilikuwa moja tu pwani nzima, na lenyewe ndilo hili lililoungua.

Akamwuliza Fumo. Fumo akasema wanunuzi hawakosi, Wataliano wa mahotelini wana magari ya kila sampuli.

"Na Jaha alichagua tabo ya namna gani?"

"Sijui, yakhe. Hilo hakunishirikisha. Aliagiza kwa yule Maina wa Mtwapa, na mimi dukani kwa Maina sijapata kutia mguu."

Mbaruk akamwacha na spana zake, akaenda seli.

Kalama alikuwa mtu mfupi, mpana wa mabega, aliyezoea kusema na injini kuliko na watu. Alisimulia yale yale aliyosimulia tangu mwanzo, hakuongeza, hakupunguza. Boksi lilimfikia Jumatano jioni, limefungwa kamba, limeletwa na mtu wa mkokoteni asiyemjua. Mtu huyo alileta na maagizo: Jaha anasema funga hii hii, alfajiri anasafiri.

"Ulipoitoa hukuona kwamba ni kuukuu?"

Kalama akatazama sakafu. Aliona, akasema.

"Na ukaifunga?"

"Bwana Inspekta, mwenye gari akishachagua, fundi hafungui mdomo. Watu wa hapa wakileta spea kuukuu, ukiwauliza wanaona umewaita maskini. Kesho wanakwenda kwa fundi mwingine."

Alfajiri Jaha alipokuja kulichukua gari aliuliza tu kama kazi imekwisha, naye akamjibu imekwisha. Bati la kukinga joto lilikuwa limeshafungwa juu ya tabo, hivyo Jaha hakuweza kuiona. Yeye Kalama alidhani Jaha anajua anachoendesha, na Jaha alidhani amefungiwa alichokichagua. Hapo Kalama akalia. Mbaruk alikwisha kuona wezi wengi wakilia, na kilio hiki hakikufanana na chao.

Nje, Kache, mkewe Kalama, alikuwa amekaa chini karibu na lango, boksi mapajani. Alikuwa ameleta nguo safi, mumewe asije akasimama mbele ya hakimu na matambara ya gereji. Sheria ni kukagua, na Mbaruk akakagua. Shati, suruali, leso. Kisha akasita. Lile boksi lilinuka. Ilikuwa harufu nzito ya samaki, tena ilikwisha kuingia hadi kwenye shati.

Akamwuliza amelitoa wapi. Kache akajibu kwa haya kwamba ndilo boksi lililokuja na kile chuma. Boksi zima hatupi mtu. Alilianika juani lakini uvundo hautoki.

"Lilikuja likinuka hivi?"

"Lilikuja hivyo hivyo. Na chuma chenyewe kilinuka. Mume wangu alikipangusa kwa petroli kwanza ndipo akakifunga."

La kuvunda halina ubani, wazee walisema. Mbaruk aliijua harufu ile. Ni sifa, mafuta ya ini la papa, ambayo wenye vyombo hupaka mbao zisiharibiwe na maji ya chumvi. Lakini hata kabla hajafikiri, Fumo alikuwa amefika nyuma yake akijifuta mikono, akanusa, akacheka kidogo. Mkokoteni huo, akasema. Mikokoteni ya mji huu asubuhi hubeba papa, jioni hubeba mizigo ya watu. Ilikuwa kweli, kila mtu Malindi anajua. Mbaruk akaitikia kwa kichwa, na Kache akakunja upya shati la mumewe.

Kisha Fumo akamshika bega. Akamwambia apumzike, Bi Hindu amepika pilau na tangu asubuhi anamuulizia. Mbaruk akajibu kwamba atapita baadaye, kwanza anakwenda Mtwapa kumwona Maina. Fumo akasema leo Jumapili, duka limefungwa, atakula vumbi bure. Mbaruk akasema atakula tu.

"Utajichosha, ndugu yangu," Fumo akasema kwa upole. "Mwizi unaye tayari."

Foleni ya feri ya Kilifi ilikuwa fupi. Land Rover ya polisi ilipokwisha kupanda, mfanyakazi mmoja alipita akigonga boneti za magari kwa kiganja, moja moja: zima injini. Hapo hakuna mkubwa, hata gari lililobeba maiti huzima. Sajenti Joram, aliyekuwa akiendesha, alikwisha kuzima kabla ya kugongewa, kama afanyavyo kila mtu aliyezoea kivuko kile. Wakavuka wakiwa wamesimama kati ya akina mama na vikapu vyao, wakawasha upande wa Mnarani, wakapandisha kilima. Kando ya barabara nyasi zilikuwa zimeungua mahali Jaha alipofia. Walioona walisema aliposhuka feri aliwasha vizuri, akakanyaga mafuta, ukatoka moshi mweupe, kisha moto, na mlango haukufunguka. Joram akavua kofia mpaka walipopita.

Duka la Maina lilikuwa limefungwa kweli, Fumo hakudanganya katika hilo. Lakini mwenyewe aliishi nyumba ya nyuma, mtu mrefu wa kutoka bara, mwenye miwani na majivuno ya kazi yake. Aliposikia ni habari ya Jaha akaacha chakula, akafungua. Akatoa tabo tatu kwenye rafu, akazipanga juu ya kaunta vile vile alivyompangia marehemu.

Maelezo yake yalikuwa marefu na Mbaruk alimkatiza kila mara. Ya kwanza ilikuwa ya asili, sawasawa na zile zilizokuwa zikimfia Jaha moja baada ya nyingine. Hiyo hupozwa na oili peke yake. Ya pili ilikuwa kubwa, ya injini ya lori. Nguvu anazo, Maina akasema, kana kwamba anasema habari ya mtu, lakini huchelewa kuamka: unakanyaga, unangoja, halafu anakurusha mbele ukiwa katikati ya kona. Jaha aliishika hiyo, akaigeuzageuza, akaitamani, akairudisha. Ya tatu ilikuwa ya kisasa. Umbo na ukubwa ni ule ule wa ya kwanza, ila ubavuni ina matundu mawili ya kuunganisha mipira ya maji kutoka kwenye rejeta.

"Akachagua hii," Maina akasema. "Ndugu zetu wa mbio wote huchagua ile kubwa. Yeye akachagua hii. Unajua kwa nini?"

Mbaruk akatikisa kichwa.

"Kwa sababu ya feri."

Akaeleza. Gari likikimbizwa kutoka Malindi, tabo hufika Kilifi imekuwa nyekundu kwa moto. Dawa yake ni kuiacha injini iendelee kunguruma kidogo, ipoe, ndipo uzime. Lakini pale kwenye feri unaambiwa zima, nawe unazima. Oili inasimama ndani ya shafti iliyo moto, inaungua, inakuwa masizi magumu, na safari chache tu shafti imekwisha. Waendeshaji wa kaskazini ya kivuko wamekuwa wakiziua tabo zao hivyo kwa mikono yao, halafu wanalaumu mafundi. Jaha aligundua. Ile ya maji hailiwi na feri, kwa kuwa maji hubaki ndani yake yakiipoza hata injini ikiwa kimya.

Mbaruk akaichukua ya kwanza, akaipima mkononi. "Mtu aliyechagua kwa sababu ya feri hawezi kugeuka usiku mmoja akataka ya oili."

"Hawezi. Tena kuukuu?" Maina akavua miwani. "Na usikie jingine. Akiamini kwamba amefungiwa ya maji, atakanyaga mafuta mpaka mdomoni mwa feri, azime papo hapo bila wasiwasi. Aliyembadilishia alimjua vizuri."

Hapo Mbaruk akauliza swali la kazi tu, bila kutazamia kitu. Boksi lilipelekwa Malindi kwa basi gani?

"Halikwenda kwa basi. Jaha alipiga simu akasema anamtuma yule mwenziwe wa mbio. Akaja Jumanne. Nilimdai kitambulisho, akanicheka. Akasema, 'Mimi ni ndugu yake Inspekta Mbaruk wa Malindi, wanitilia shaka?' Basi nikampa. Jina lako lilitosha."

Mbaruk alihisi amepigwa kofi na mkono uliokuwa ukimlisha. Maina, ambaye hakujua alichokisema, akaanza kuzirudisha tabo rafuni. Mbaruk akauliza mtu huyo alikuwaje, na Maina akamweleza Fumo wote, toka kofia hadi viatu. Likabaki swali moja.

"Spea zako unazipaka nini zisishike kutu?"

"Grisi. Halafu karatasi ya nta."

"Hupaki sifa?"

"Sifa ndiyo nini?" Maina akauliza.

Wakati wa kurudi, feri ilipokwisha kujaa na injini zote kuzimwa, Mbaruk alishuka akasimama kwenye chuma cha ukingoni. Mtu wa bara asingejua kupaka chuma sifa. Mwenye duka wa kawaida asingefanya. Lakini babake Fumo alikuwa fundi wa vyombo, na stoo yake ilikuwa na mapipa ya sifa tangu Mbaruk na Fumo hawajajua kuvaa suruali. Fumo alipoifanya stoo ile kuwa ya spea, chumvi ya baharini ikaanza kumlia vyuma, naye akafanya alichomwona baba yake akifanya kwa mbao. Wateja wakamtania, wakamwita muuza papa, naye akacheka nao. Mbaruk mwenyewe alikulia katika uvundo ule mpaka hakuuona tena kuwa uvundo. Leo ameunusa kwenye nguo za mtu mwingine, na nduguye akamwambia ni mkokoteni, naye akaitikia kwa kichwa.

"Panya huuma akipuliza," alisema kwa sauti. Joram akamwuliza kama amesema kitu. Akamjibu hakusema.

Walipita Barani kwa Kuluthumu. Alimpokea Mbaruk ukumbini, akamwamkia kama kaka, na alipoulizwa habari ya suluhu akashangaa. Suluhu gani? Baba yao kabla hajafa aliifanya nyumba ile wakfu kwa ajili yake yeye, kwa kuwa ni mjane na ana watoto. Waliomsikia akiiweka wakfu walikuwa wazee wawili na Jaha, na wazee wote wawili wamekwisha kufariki. Fumo hakupata kukanyaga pale kwa suluhu wala kwa salamu. Kuluthumu akamtazama Mbaruk, akauliza taratibu kama yeye, polisi mzima, hakulijua hilo. Mbaruk akajibu kwamba aliambiwa vingine.

Hakimu alitia sahihi kibali cha upekuzi akiwa mezani kwake, mkono mmoja una wali. Aliposoma jina akauliza kama ni Fumo huyo huyo wanayemjua. Mbaruk akasema ndiye.

Bi Hindu alikuwa kizingitini Shela, mwanamke mkubwa wa kimo na wa sauti, kanga begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pilau imepoa kwa kukungoja. Ingia, nduguyo yuko stoo."

Akaenda jikoni kuipasha moto. Mbaruk na Joram wakapita uani mpaka stoo, na harufu ikawapokea mlangoni. Fumo alikuwa akipanga vichujio vya oili. Joram akamsomea kibali, neno kwa neno. Fumo akatabasamu, akamwambia Mbaruk kwamba utani wa leo umekuwa mkubwa. Mbaruk hakutabasamu. Akamwambia Joram aanze juu.

Walipekua rafu moja moja. Palikuwa na plagi, mikanda, taa, vyote vinang'aa kwa mafuta ya papa. Fumo alizungumza muda wote, akawaonyesha kilicho nyuma ya kila kitu, akawaambia wasijichafue nguo. Halafu Joram akaingiza mkono nyuma ya maboksi ya vichujio, akatoa gunia lililofungwa, na Fumo akanyamaza.

Ndani yake mlikuwa na tabo mpya. Ubavuni matundu mawili ya maji. Grisi ya Maina ilikuwa imepanguswa, na chuma chote kilikuwa kimepakwa sifa, bado mbichi. Mtu mwingine angeitupa baharini, na bahari iko pale pale nyuma ya nyumba. Lakini Fumo alikuwa mwenye duka tangu ujana wake, na mwenye duka hatupi mali mpya. Alishindwa hata kuiacha ishike kutu.

"Hiyo niliinunua," Fumo akasema.

"Kwa Maina? Ambako hujapata kutia mguu?"

Fumo akakaa juu ya gurudumu kuukuu. Kwanza aliapa. Halafu akaacha kuapa, akasema haraka haraka, macho yako kwa Joram kana kwamba Joram ndiye wa kuombwa. Hakutaka Jaha afe, wallahi. Alitia kwenye boksi moja ya zile kuukuu za Jaha mwenyewe, akitaka ife tu, gari limkwamishe Mnarani, Kadhi amngoje mpaka achoke, kesi itupwe. Nyumba ya Barani ni haki ya mtoto wa kiume. Baba alikuwa mgonjwa alipoitoa, hakujua asemalo. Mambo ya moto hayakumpitikia akilini kamwe.

"Na mbona hukwenda naye, na kila safari mlikwenda pamoja?" Mbaruk akauliza.

Fumo akayaondoa macho kwa Joram, akatazama gunia.

"Na Kalama?"

"Kalama ni fundi tu. Angefungwa, angetoka."

"Ana watoto."

"Kila mtu ana watoto, Mbaruk."

Mbaruk akapumua. Sauti yake ilipotoka haikuwa ya polisi. "Umelia mbele yangu. Umenishika mkono tangu Ijumaa kama kipofu, ukinipeleka utakako. Kulikuwa na haja gani ya kuja kunisaidia? Si ungekaa kimya dukani kwako?"

"Angepewa kesi mtu mwingine, angeniuliza nilikuwa wapi," Fumo akasema. Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayeeleza bei. "Wewe hukuniuliza. Nilijua hutaniuliza."

Mbaruk akageuka kwa Joram. Akamwambia aende kituoni na gari, Kalama atolewe seli sasa hivi, mkewe yuko langoni. Yeye na mshtakiwa watakwenda kwa miguu. Kisha akatoa pingu, akamfunga nduguye, na Fumo akanyoosha mikono mwenyewe. Joram alipotoka alilazimika kupita ubavuni, kwa sababu Bi Hindu alikuwa mlangoni na sahani ya pilau.

Alikuwa hapo kwa muda gani, Mbaruk hakujua. Mama hakuuliza kuna nini.

"Mfungue nduguyo."

"Siwezi, mama."

"Mtu amekwisha kufa. Ukimfunga huyu, Jaha atafufuka?"

"Hatafufuka."

"Huyo fundi ni nani kwako?"

"Si mtu kwangu, mama."

"Na huyu?"

"Ndugu yangu."

"Basi?"

"Basi Kalama hakuua."

Bi Hindu akaiweka sahani juu ya pipa. Haikumwagika hata punje, na hapo Mbaruk akaelewa kitu ambacho angelipenda kukikosa. Mama hakuwa ameshangaa hata kidogo.

"Mama," akauliza, "ulikuwa unajua?"

"Mimi ni mama," Bi Hindu akasema.

Fumo akaanza kulia kwa sauti, akimwita, lakini yeye hakumtazama. Alimtazama Mbaruk, kwa muda mrefu, kuanzia usoni mpaka kwenye funguo za pingu alizozishika.

"Nilikupokea kutoka kifuani kwa maiti," akasema. "Watu waliniambia mtoto huyu hataishi, niachane naye. Nikampunja mwanangu ziwa nikakupa wewe. Nami nakwambia leo, Mbaruk, na Mungu ananisikia: siku nikifa, usije kunizika."

"Nimesikia, mama," Mbaruk alisema, akamshika Fumo mkono, akamtoa nje.